Vifaranga wa Kilemba cha Kokwa

Saling Bantigue alimgeuza kifaranga kiganjani, akamsogeza kwenye mwanga wa mlango, akamtazama utosi, na moyo ukampiga pa! Akamrudisha chini ya kuku aliyewaatamia, akamchukua mwingine. Huyu alikuwa kama vifaranga wote aliowahi kufuga. Wa tatu, vilevile. Wa nne akawa kama yule wa kwanza. Hapo Saling akakaa chini kabisa, kwenye vumbi la banda.

Mtu mwingine asingeona kitu. Kifaranga wa juzijuzi ana nini utosini zaidi ya kipele cha nyama? Lakini Saling alikulia katikati ya kuku, na kijijini Malusay, huku milimani kisiwani Negros, watu walimletea vifaranga wao awaambie watakuwaje wakikua. Vilemba alivijua hata kwa kupapasa gizani. Kuku wengi wa bonde lile, wa kienyeji na wa kupigana, walikuwa na kilemba cha msumeno, kilichosimama wima chenye meno. Mtetea wake mweusi alitoka kwenye ukoo mwingine, ukoo alioachiwa na bibi yake, na ukoo ule ulikuwa na kilemba cha waridi: kipana, kimelala, kimejaa vipele, na kwa nyuma kimechongoka. Mtetea mweusi alipopandwa na jogoo wa msumeno alizaa waridi. Mwaka nenda, mwaka rudi, ilikuwa hivyo, wala hakuwahi kuteleza.

Sasa, katika mayai yake yaleyale, yaliyoatamiwa na kuku mwingine, wametoka vifaranga wawili wasio na waridi wala msumeno. Utosini wana donge fupi lililokunjamana kama kokwa ya tunda. Saling alikuwa amekiona kilemba hicho mara moja tu, alipokuwa msichana, kwa wajomba zake wa pwani, nao walimweleza kinavyopatikana. Waridi na msumeno hawazai kokwa, hata uwafungie pamoja mpaka wazeeke. Kokwa huzaliwa waridi akikutana na njegere, yaani kile kilemba kidogo cha mistari mitatu ya punje, kilichobanwa kichwani kama njegere kwenye ganda lake.

Na jogoo wa njegere, Malusay nzima, alikuwa amewahi kuwapo mmoja tu. Jogoo huyo watu walikwisha kumlilia kama maiti. Kwa ajili yake Teban, mdogo wake Saling, alivunjwa vidole, akafukuzwa kijijini kama mbwa mwizi.

Jogoo huyo aliitwa Bulawan, dhahabu. Mwenyewe alikuwa Kulas Magbanua, mwenye mashamba ya miwa upande wa juu wa barabara, pande la mtu lenye sauti ya kuita nyati. Alimtoa Bulawan kwa jamaa zake wa kisiwa cha Panay, akamjengea kitundu cha peke yake karibu na dirisha la chumba chake cha kulala, mpaka mkewe akawa anasema amepata mke mwenza mwenye mkia. Kumpandisha kwa kuku yeyote, hata wa kwake, alikataa katakata. "Kwanza apigane sikukuu ya mtakatifu," alisema, "halafu ndipo aoe." Basi, sikukuu ikiwa imekaribia, kitundu kikakutwa wazi na jogoo hayumo. Ambo, mtunza majogoo wa Kulas, akasema kwamba alimwona Teban Bantigue akipita uchochoroni na gunia. Wakaenda kwa Teban. Nyuma ya jiko lake wakakuta manyoya mekundu ya kung'aa kama dhahabu, na ndani sufuria ya supu ya kuku inachemka.

Kuku yule wa supu alikuwa wa Teban mwenyewe, wa msumeno. Lakini kichwa chake mbwa walikwisha kukitafuna, na siku ile hakuna aliyekuwa na haja ya kichwa.

Kilichomtia Kulas wazimu zaidi ni kwamba Teban alikuwa kumpare wake. Yeye Kulas ndiye aliyembeba mtoto wa kwanza wa Teban kanisani siku ya ubatizo, na baada ya hapo wale wawili hawakuitana kwa jina, ilikuwa kumpare asubuhi, kumpare jioni. "Angeniomba ningempa jogoo kumi!" alinguruma, huku mpini wa panga ukishuka kwenye mikono ambayo Teban alikuwa amejikingia uso. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vikavunjika, na vikaunga vibaya. Kisha Kulas akaapa mbele ya mlango wa kanisa, watu wanasikia, kwamba siku atakayomwona Teban ndani ya Malusay, panga litageuzwa upande wa makali.

Teban akaondoka, akaenda kukata miwa upande wa pili wa mlima. Mkewe Luming alibaki na mimba changa. Sasa mimba ile ilikuwa imekomaa, tumbo limeshuka, na Teban alikuwa ametuma neno: mtoto huyu hatazaliwa huku babake amejificha kama panya.

Haya yote yalipita kichwani mwa Saling akiwa bado amekaa pale vumbini. Kama Bulawan alichinjwa kabla ya sikukuu, nani amempanda mtetea mweusi juzi tu?

"Dada Saling! Upo? Naomba pilipili kichaa, jogoo wa bosi ana mafua."

Ambo alikuwa amekwisha kuingia uani kabla hajakaribishwa, kama kawaida yake. Mwembamba, mkono mmoja daima unakuna shingo. Saling alijaribu kumfunika kifaranga kwa upindo wa sketi, akachelewa.

"Ah! Umetotolesha," Ambo akasema, akainama kwa tabasamu. Tabasamu likabaki mdomoni lakini machoni likaondoka. "Kilemba gani hiki?"

"Cha kifaranga."

"Dada, usinifanye mtoto. Mimi na kuku tumelala kitanda kimoja." Akanyoosha kidole, akakirudisha kabla hakijamgusa kifaranga. "Babake nani?"

"Unaniuliza mimi? Muulize mamake, anapita hapo nyuma yako."

Hakucheka. Alimtazama yule mtetea mweusi, aliyekuwa akiparua chini ya migomba, akamtazama mpaka jasho likamtoka juu ya mdomo. Halafu akageuka akaenda zake, na pilipili hakuzichukua.

Saling alibaki akijiuliza. Mtu ambaye jogoo wa bosi wake huenda yu hai, mbona hakufurahi? Mbona alikuwa kama aliyeona kaburi lake likichimbwa?

Hakupata nafasi ya kulimaliza wazo hilo. Mama mkwe wa Teban alikuja akihema, kitambaa kimemwanguka mabegani. "Saling, uchungu umemshika Luming tangu alfajiri. Mkunga yuko naye. Na Teban alipelekewa habari jana kwamba siku zimefika."

"Anakuja mchana huu?" Saling akashtuka. "Kwa barabara?"

"Barabara ipi, yenye lango la Kulas? Anapita bondeni."

Bonde lile lilikuwa nyuma ya mashamba, limejaa mianzi, na watu hawakuingia humo ovyo kwa sababu lilikuwa na wenyewe, wale wasioonekana. Mwenye shida ya kupita alipiga hodi kwanza. Kwa mtu anayejificha, hakukuwa na njia nzuri kuliko ile. Saling akamwambia mama yule arudi kwa mzazi, yeye atafuata na mchele na tangawizi. Alikuwa bado anaupima mchele Kulas Magbanua alipoingia uani, panga kiunoni, Ambo nyuma yake.

Hakusalimia. Alilifunua tenga la vifaranga, kuku aliyekuwa akilea akamrukia mkono, akamsukuma pembeni, akamwokota kifaranga mmoja kwa vidole viwili. Ajabu ni kwamba alimshika kwa upole, kama watu wa kuku wanavyoshika. Alimpapasa utosi kwa kidole gumba. Akamweka chini, akamchukua wa pili mwenye kokwa, akapapasa.

"Ambo anatetemeka tangu arudi hapa," alisema taratibu. "Nikamwambia, tema ulichomeza. Akatema." Akainua macho. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Jogoo wangu, Saling! Yuko wapi?"

"Kaka Kulas, ndilo hilo nililokuwa—"

"Miezi yote hii nasema wamemla. Najiambia, basi, wamemla, njaa ni njaa. Kumbe hamkumla! Mmemficha, mnamzalisha! Mdogo wako alimwiba, na wewe ndiye uliyemtuma, kwa sababu wewe ndiye mwenye waridi. Mlitaka ukoo wenu wenyewe!"

Saling alikuwa amedhani vifaranga wale ni wokovu wa Teban. Alikuwa amekwisha kuyapanga hata maneno ya kumwambia Kulas, kwa heshima, mbele ya kapitan, mkuu wa kijiji. Na sasa ushahidi uleule, mikononi mwa mtu huyu, ulikuwa umegeuka kitanzi.

"Tafuta," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Nyumba ndiyo hii. Pandisha mikeka, funua mitungi. Ukimkuta jogoo wako hapa, nikate mimi."

Kulas akatafuta. Aliingia jikoni, akapanda darini, akachungulia chini ya sakafu ya mianzi, akazunguka banda mara mbili. Ambo alisimama palepale penye migomba, anakuna shingo mpaka ikawa nyekundu. Kulas aliporudi, utando wa buibui wa darini umemganda nyweleni, hasira haikuwa imepungua. Ilikuwa imekosa pa kukaa tu.

"Umempeleka wapi?"

"Sikiliza, kaka. Mayai yake nimeyaweka chini ya kuku mwingine, kwa sababu mtetea mweusi bado anataga. Tangu miwa ya nyuma ilipokatwa, kila siku jua likishapita kichwani anaondoka, anarudi jioni. Mimi nilidhani anafuata punje shambani. Kumbe anafuata mwanamume. Mimi sijui anakokwenda. Yeye anajua. Tumfuate."

"Nifuate kuku?"

"Umemfuata jogoo miezi yote hii kwa panga. Mfuate kuku mara moja kwa macho."

Kulas alimtazama, taya linacheza. "Tukifika tusikute kitu?"

Mtetea mweusi alikuwa amekwisha kukung'uta mbawa, akapenya chini ya ua, akatoka.

Wakamfuata watatu. Alitembea kama mwanamke aendaye sokoni na hana haraka: hatua mbili, anadonoa, anainua kichwa, anasikiliza, hatua mbili tena. Shamba lilikuwa visiki vitupu, jua linachoma, majani makavu ya miwa yanalia chini ya nyayo. Kulas alikuwa mbele, panga sasa liko mkononi. Ambo alibaki nyuma, mara mbili akasema heri yeye arudi akawalishe majogoo, na mara mbili Kulas akamjibu bila kugeuka, "Njoo."

Kisha kuku akapinda kushoto.

Saling alisimama. Upande wa kushoto wa shamba lile hakukuwa na nyumba wala banda, ila ukingo wa kijani wa mianzi. Kuku alikuwa anaelekea bondeni. Na bondeni, saa hiyohiyo, kwenye njia ileile ya chini, alikuwa anakuja Teban.

Alifikiria kumtupia kuku jiwe. Alifikiria kujiangusha na kulia mguu. Lakini Kulas alikuwa amekwisha kuona mahali kuku anapokwenda, na kumzuia sasa ingekuwa kukiri. Wakafika ukingoni. Kivuli cha mianzi kikawapokea, baridi kama maji, na Saling akakusanya pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Hodi wenyewe wa bonde!" alipaza sauti mpaka ndege wakaruka. "Tunapita! Msitudhuru! Tuko watatu, na Kulas Magbanua yuko hapa, Kulas Magbanua, ana panga mkononi!"

"Wewe!" Kulas akamgeukia. "Wenyewe wanataka na jina la ukoo?"

"Wazee walituambia tujitambulishe."

"Wazee hawakusema tupige kelele kama mnada wa samaki." Alimkazia macho, na Saling akaona anaanza kufikiri. "Unamwonya nani?"

Kabla hajajibu, jogoo akawika.

Ulikuwa uwikaji mfupi, mzito, unaokatika ghafla mwishoni kama mtu aliyenyang'anywa neno. Watu wa Malusay walikuwa wameusikia toka mbali tangu sikukuu, wakasema ni kuku wa porini. Lakini Kulas mdomo ulimfunguka. Aliinua mkono kuwazuia wengine, akasogea kwa ncha za vidole, akasukuma mwanzi mmoja kando.

Jogoo alikuwa amesimama juu ya gogo lililooza, yeye na majike mawili ya porini, na mtetea mweusi alikuwa anapanda kumwendea. Dhahabu yote ilikuwa imechakaa. Mkia umebaki manyoya mawili. Jicho la kushoto limezibwa na kovu, shingo ina madoa ya ngozi tupu. Lakini juu ya kichwa, kimebana, kidogo, mistari mitatu ya punje, kilikuwepo kilemba cha njegere.

"Bulawan," Kulas alisema, na sauti ile ya kuita nyati ilitoka kama ya mgonjwa.

Saling alidhani mambo yameisha. Aliweka mkono kifuani, akaanza kumshukuru Mungu. Ndipo mianzi ya upande wa pili ikasukumwa, na Teban akatokea.

Alikuwa amekonda, amechomwa na jua, begani ana gunia. Alikuwa ameusikia wito wa dada yake, hilo Saling alilisoma usoni mwake mara moja. Alisikia, na akaja hivyohivyo.

"Nimekusikia, dada," alisema. "Lakini mke wangu anazaa. Sirudi nyuma."

Kulas alimtazama Teban, akalitazama gunia, akamtazama jogoo aliye hatua chache kutoka kwenye gunia lile, na Saling akaona jinsi vitu vitatu vilivyoungana kichwani mwake vikawa kitu kimoja.

"Kumbe," alisema Kulas. "Kumbe ndilo banda lako hili, kumpare."

"Jogoo ninamwona sasa hivi kama unavyomwona wewe."

"Na gunia?"

"Mchele. Na nguo za mtoto. Njoo uchungulie."

"Naja."

Kulas akaruka gogo. Majike yakatawanyika kwa makelele. Saling hakujua alivyofika, ila alijikuta katikati, mgongo wake kifuani kwa mdogo wake, panga limeinuliwa juu ya kichwa chake, na jambo alilolikumbuka baadaye ni harufu ya mafuta ya nazi kwenye mpini. "Pisha, Saling!" Kulas alikuwa anapiga kelele. "Pisha, nimeapa!" Na nyuma yake Teban alikuwa anajaribu kumsukuma pembeni, anasema, "Dada, toka, dada, toka," na yeye akajikita kama nguzo.

"Si yeye!"

Sauti ilitoka nyuma. Ambo alikuwa amepiga magoti kwenye majani yaliyooza, mikono kichwani.

"Si yeye, bosi. Ni mimi. Komeo... sikulifunga komeo."

Panga lilibaki juu. "Rudia."

"Nilikunywa tembo la mnazi kwa binamu yangu. Niliporudi kumlisha sikufunga. Alfajiri nikakuta wazi, hayupo. Nikatafuta mpaka nikalia. Nikajua utaniua." Maneno yalimtoka kama kamba inayovutwa tumboni. "Manyoya yalikuwa chini ya kitundu, yale aliyokuwa akipukutisha. Nikayaokota. Nikapita kwa Teban, nikasikia harufu ya supu. Nikayatupa."

"Kwa nini kwangu?" Teban aliuliza. Hakupaza sauti. "Nilikukosea nini, Ambo?"

Ambo alimtazama kama ambaye hakuwahi kujiuliza. "Ulikuwa unapika kuku," alisema.

Maji yalisikika yakipita chini ya mawe. Kulas alishusha panga taratibu mpaka usawa wa bega, akageuka, na sasa alikuwa anamwendea Ambo. Uso wake haukuwa na hasira tena. Ulikuwa mtupu, na hilo lilimtisha Saling kuliko kelele. Ambo hakukimbia. Alifumba macho tu.

"Kulas!" Teban akamwita. Lile neno kumpare hakulitumia. "Ukimkata huyo, nani atanisafisha mbele ya watu? Maiti haitoi ushahidi. Namtaka hai, Jumapili, mbele ya mlango wa kanisa, palepale ulipoapa. Namtaka aseme kila neno alilosema hapa. Baada ya hapo, mambo yenu nyinyi wawili."

Kulas alisimama. Mabega yalipanda yakashuka, yakapanda yakashuka. Kisha akalitupa panga kwa nguvu kwenye shina la mwanzi, likazama likabaki linatetemeka, naye akakaa juu ya gogo alilokuwa amesimama jogoo wake. Bulawan alikuwa amejitenga na makelele, amesimama ng'ambo ya kijito. Kulas akabofya ulimi, ule mlio aliokuwa akimwitia kwenye mahindi kila asubuhi. Jogoo aligeuza kichwa, akamtazama kwa jicho moja zima. Halafu akawaongoza majike yake ndani ya mianzi, mtetea mweusi akiwa wa mwisho.

"Hanijui," Kulas alisema.

Teban alikuwa amekwisha kulipanga gunia begani na kuanza kupanda mteremko, na Saling alimfuata, akimshika nyuma ya shati, hakuliachia mpaka walipoyaona mapaa ya kijiji.

Mtoto alizaliwa alasiri ile, msichana, mwenye nywele nyingi na kidevu cha Teban chenye shimo. Luming alicheka na kulia kwa pamoja, akasema angalau huyu hakuna atakayeuliza ametoka kwa nani. Saling alitoka nje, akashika ukuta, akatapika. Hofu aliyoibeba tangu asubuhi ndiyo kwanza ilikuwa imepata pa kutokea.

Jumapili, misa ilipokwisha, Ambo alisimama mbele ya mlango wa kanisa, akasema yote, kapitan wa kijiji akiwa kando yake. Alisema akiangalia ndala zake. Hakupigwa, Kulas alikwisha kutoa neno. Lakini hata mama yake hakumngoja watembee pamoja kwenda nyumbani, na kabla ya mwezi kwisha akapanda lori la miwa, akaenda mjini, na hakurudi.

Kisha ikawa zamu ya Kulas. Alikuwa amevaa shati la sherehe, kola imembana. Aliongea kidogo, kwa sauti ya chini, watu wa nyuma wakawa wanaulizana amesema nini. Alisema alimpiga mtu asiye na kosa. Alisema mtu huyo ni kumpare wake. Halafu akanyoosha mkono.

Watu wote walingoja. Saling naye alingoja, na alijua anachotaka: alitaka Teban aushike mkono ule yaishe, maana alikuwa amechoka, na kijiji ni kidogo, na barabara ni moja. Teban alimkabidhi Luming mtoto. Akauinua mkono wake wa kushoto, wenye vidole viwili vilivyopinda upande mmoja kama mizizi, akauacha hewani mpaka Kulas akalazimika kuutazama.

"Huu haufungi hata kifungo cha shati," alisema. "Nilikuambia siku ile sikuiba. Nilikuambia na damu inanitoka puani. Hukuwa na haja ya kokwa wala njegere, ulikuwa na neno langu. Basi, msamaha utakuja, kumpare, siombei usije. Ila utakuja nitakapokuwa tayari mimi. Wewe ngoja."

Kulas alirudisha mkono, akatikisa kichwa kukubali, na akashuka ngazi za kanisa peke yake, watu wakimpisha.

Siku chache baadaye alikwenda bondeni na wavu wa samaki, akamnasa Bulawan ili ahakikishe alama aliyomchania katikati ya vidole vya mguu. Aliiona. Alimkalisha mapajani kwa muda mrefu, akamsafisha lile jicho kwa maji ya chumvi, kisha akamwachia aende zake. Kupigana asingeweza tena, na kwenye kitundu asingekubali. Vile vile Kulas alitoa watu wake wakamlimie Teban kipande chake cha shamba msimu ule na uliofuata. Teban hakuwafukuza, wala hakwenda kushukuru.

Na Saling? Habari ilipoenea, uani kwake pakawa na wageni. Walikuja wale waliokuwa wamezoea kuvuka barabara wakimwona Luming, walikuja na vikapu na vicheko, dada Saling hivi, dada Saling vile, wakiomba mayai ya mtetea mweusi wapate na wao kilemba cha kokwa. Aliwakaribisha, akawapa kahawa ya mahindi, akawaacha wasifie vifaranga mpaka waishiwe maneno.

"Mayai yapo," aliwaambia. "Lakini hayo ni ya Luming, mpaka atosheke. Nendeni mkamwombe yeye. Njia ya kwake hamjaisahau, au mmeisahau?"

Wengine walikwenda. Wengine walikunywa kahawa wakaondoka na vikapu vitupu, na Saling akarudi bandani, akachuchumaa, akaanza kuwawekea maji vifaranga.